Pikipiki au Tukutuku?

Mhariri alipotangaza kwamba toleo hili litakuwa na insha za "uamuzi mgumu", tulijua wenzetu wataandika nini. Mmoja ataeleza jinsi alivyoacha udaktari akahamia uchumi, mwingine jinsi alivyochagua chuo cha mbali na nyumbani, na hatakosekana wa kuandika habari za mchumba. Sisi hatuna makubwa hayo. Sisi ni ndugu wawili wa tumbo moja, tunasoma chuo kimoja, na kuanzia Desemba hadi Machi mwaka huu tulikuwa hatuelewani kwa sababu ya injini.

Nyumbani tunaitwa Dada na Mdogo, na humu tutajiita hivyo hivyo ili msomaji ajue nani alisema nini. Dada ana miaka 21. Mdogo ana 19, lakini amemzidi Dada kilo 20, jambo ambalo litakuwa na maana huko mbele. Tulizaliwa Michigan. Baba ametoka Tanga, Mama ametoka Mombasa, na Kiswahili chetu kimetoka jikoni. Majina ya vyombo tunayajua yote, kuanzia mbuzi ya nazi hadi upawa. Ya gereji tulikuwa hatuyajui.

Tunaendesha pikipiki za motokrosi. Kwa asiyewahi kuona: ni uwanja wa udongo wenye matuta ya kurukia na kona zilizochimbika, na pikipiki zake hazina taa, hazina vioo, hazina namba, wala haziruhusiwi barabarani. Mchezo ulianzia Uingereza. Mashindano yanayohesabiwa kuwa ya kwanza yalifanyika Camberley, Surrey, mwaka 1924. Kwetu sisi ulianzia RedBud, katika mji wa Buchanan, ambako kila mwaka karibu na tarehe 4 Julai mabingwa wa nchi nzima huja kushindana. Jirani yetu alitupeleka tukiwa watoto, tukarudi na udongo masikioni, na basi, tukawa tumeharibika.

Pikipiki ya kwanza tuliinunua tukiwa sekondari. Ilikuwa mtumba, ya mipigo minne, cc 250, na bei yake dola 3,500. Sisi tulikuwa na 1,500 za kukata majani na kuosha vyombo hotelini. Zilizobaki, dola 2,000, alitukopesha Mama. Ilikuwa zamu yake ya upatu, upatu wa wanawake kumi na wawili wanaojuana tangu wafike Michigan, na fedha hizo alikuwa amezipangia tiketi ya kwenda Mombasa, kwenye harusi ya mdogo wake wa mwisho. Tulimwambia tutamrudishia kabla ya harusi. Tulikuwa tunaamini kabisa.

Kampuni iliyoitengeneza hatuitaji, kwa sababu kosa halikuwa lake. Tuliiendesha miezi mitano. Oili tulibadilisha tulipokumbuka. Mwezi wa nne ikaanza kuwa ngumu kuwaka. Tulipiga kiki hadi miguu ikaisha nguvu, tukasema ni plagi, tukanunua plagi mpya. Haikuwa plagi. Valvu zilikuwa zimekaza, hazifungi vizuri tena, na injini ilikuwa inatuambia kwa lugha yake, nasi hatuisikii. Jumapili moja, katikati ya sehemu iliyonyooka, kichwa cha valvu moja kikakatika kikaangukia juu ya pistoni. Mlio wake ulikuwa kama kijiko kilichodondoka ndani ya blenda. Injini ikanoki pale pale. Fundi alipoifungua alituonyesha pistoni iliyotoboka, silinda iliyochanika na kichwa kilichopasuka, akatuandikia dola 2,800. Tuliiuza vipande vipande, tukapata 900.

Harusi ile Mama aliiona kwenye simu. Alivaa dera lake jipya, akajipaka hina, akakaa sebuleni na simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai. Hakutugombeza. Tungependa angetugombeza. Tulimlipa dola 50 kila mwezi, tukamaliza kiangazi kilichopita.

Kwa hiyo Desemba hii, tulipokuwa tena na fedha kwenye kopo la biskuti, dola 3,600, safari hii zetu wenyewe zote, swali halikuwa dogo. Dada alitaka cc 125 ya mipigo miwili. Mdogo alitaka cc 250 ya mipigo minne, kama ile ile.

Kuhusu majina. Kamusi ina maneno mawili ya chombo hiki, pikipiki na tukutuku, na ukiyasikiliza yote mawili ni mlio wa injini. Dada anadai kwamba aliyebuni "pikipiki" alisikia injini ya mipigo miwili, kali na ya haraka haraka, na aliyebuni "tukutuku" alisikia ya mipigo minne, nzito, inayonguruma kutoka tumboni. Hana ushahidi wowote. Lakini tangu aseme hivyo, nyumbani kwetu 125 ni pikipiki na 250 ni tukutuku, hata Mama anasema hivyo.

Tofauti yenyewe tueleze kidogo, kwa wale wanaofikiri injini ni injini tu. Ya mipigo minne hufanya kazi kwa zamu. Pistoni inashuka, inavuta hewa na petroli. Inapanda, inaviminya. Plagi inatoa cheche, moto unaisukuma chini. Inapanda tena, inatoa moshi. Mipigo minne, krenki imezunguka mara mbili, moto umewaka mara moja. Milango ya kuingizia na kutolea ndiyo hizo valvu, zinafunguliwa na kamshafti iliyoko kichwani, na kamshafti inazungushwa na cheni yake. Oili ina mahali pake, haikutani na petroli.

Ya mipigo miwili haina subira hiyo. Moto unawaka kila krenki inapozunguka mara moja. Haina valvu kichwani, haina kamshafti. Pistoni yenyewe, inapopanda na kushuka, ndiyo inayofunika na kufunua matundu yaliyo ubavuni mwa silinda. Petroli na hewa hupita kwanza chini, kwenye nyumba ya krenki, ndipo zipande juu. Kwa kuwa zinapita huko, hakuna pa kuweka oili ya krenki. Lazima ichanganywe ndani ya petroli. Sisi tunatumia 32 kwa 1, yaani galoni moja ya petroli kwa aunsi 4 za oili. Ukisahau, pistoni inajam ndani ya silinda na siku yako imekwisha.

Na ile eksozi yake iliyovimba kama chatu aliyemeza mbuzi, si urembo. Mlipuko unapotoka, wimbi la mgandamizo linagonga mwisho wa tumbo hilo na kurudi, likisukuma ndani ya silinda petroli iliyokuwa inataka kutoroka kabla haijawaka. Aliyeifikisha mbali elimu hii ni Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, miaka ya 1950. Dereva wake Ernst Degner alitoroka mwaka 1961 wakati wa mashindano Uswidi, mkewe na watoto wakavushwa mpaka wamefichwa kwenye buti ya gari, naye akaenda na elimu hiyo hadi Japani, kwa Suzuki. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Hadithi hii tumeirudia mara nyingi mno mezani, hadi Mama akauliza watoto wale walipewa nini kula humo butini. Hatujui, Mama.

Katika motokrosi zamu imebadilika mara mbili. Zamani mipigo minne ndiyo iliyotawala. Mwingereza Jeff Smith alichukua ubingwa wa dunia wa cc 500 mwaka 1964 na 1965 akiendesha BSA ya aina hiyo. Mwaka 1966 ubingwa ukaenda kwa Paul Friedrichs na CZ ya mipigo miwili kutoka Chekoslovakia, na kwa muda mrefu baada ya hapo viwanja vilinuka oili iliyoungua. Kisha mwaka 1997, Las Vegas, Doug Henry akashinda mashindano ya supakrosi juu ya Yamaha ya majaribio ya mipigo minne, na mwaka 1998 akachukua ubingwa wa Marekani wa nje kwa YZ400F. Kanuni zilisaidia. Kwa kuwa ya mipigo minne huwaka nusu ya mara za mwenzake, iliruhusiwa kuwa kubwa zaidi, na mwishowe ikawa kawaida kuona 250 ya mipigo minne ikishindana na 125 ya mipigo miwili. Hapo Dada hukasirika kama vile yeye ndiye aliyedhulumiwa. Honda iliacha kutengeneza motokrosi za mipigo miwili baada ya zile za mwaka 2007. Yamaha na KTM hazikuacha.

Ugomvi wetu wa Desemba ulikuwa na shahidi mmoja aliyeitwa na pande zote mbili: James Stewart. Kwa watoto weusi wa rika letu waliopenda mchezo huu, hakuna mwingine. Picha yake ilikuwa ukutani kwetu kabla hatujajua kuendesha baiskeli. Dada anakuonyesha video za mwaka 2004, Stewart bingwa wa darasa la 125 juu ya Kawasaki ya mipigo miwili, injini inalia kama nyigu ndani ya chupa, naye anailaza pikipiki hewani ili isipae sana na kupoteza muda. Mdogo anakuonyesha mwaka 2008, Stewart yule yule, safari hii juu ya 450 ya mipigo minne, mbio 24 katika msimu mzima na zote 24 ameshinda. Ukimuuliza Stewart, kila mmoja anapata jibu analolitaka.

Mdogo alikuwa na hoja za kweli, na haki yake tuiandike. Ya mipigo minne ina nguvu tangu chini. Ukikosea gia kwenye kona unafungua tu mafuta, inakutoa. Ukiachia, injini yenyewe inakusaidia kufunga breki. 125 haikusamehe. Nguvu yake yote iko juu, kwenye resi za mwisho. Chini ya hapo ni kama unaendesha feni. Lazima gia iwe sawa, klachi uiguse kwa kidole kila kona, na usiachie. Kwa mtu wa kilo 77 kama Mdogo, kuitoa kwenye kona yenye mchanga ni kazi ya punda. Na moshi wake: sehemu ya petroli hutoka bila kuungua, mazingira hayafurahii. "Hata Tanga bodaboda zote siku hizi ni za mipigo minne," alisema. "Wewe unataka kurudi nyuma."

Dada alijibu kwamba 125 ina uzito wa kama kilo 95 ikiwa na mafuta na 250 kama kilo 106, na kwamba kilo 11 hizo ukiziinua kwenye tope mara sita kwa siku utazijua jina. Alisema pia kwamba mtu aliyejifunza juu ya 125 anajua kuendesha, na aliyejifunza juu ya 250 anajua kufungua mafuta. Mdogo hakuongea naye siku mbili.

Mama alisikiliza yote hayo akiwa anakunja sambusa. "Haya," akasema, "na ile isouwa mtu ina mipigo mingapi?"

Sasa tufike kwa Baba, maana tumekuwa tukimzunguka.

Mwaka juzi, wiki ya mwisho ya Ramadhani, Baba alipata kiharusi. Alipona, alhamdulillahi, anatembea, lakini mkono wa kulia haukurudi vizuri. Anakula kwa kushoto, jambo ambalo mwanzoni lilimuuma kuliko yote. Alikuwa anasubiri sote tumalize ndipo ale. Na maneno yaliondoka. Si yote. Kiingereza kiliondoka zaidi, kile cha miaka ishirini na mitano cha ghalani na benki na shuleni kwetu. Kiswahili kilibaki na mapengo, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Sisi tuliokuwa tumezoea kumjibu Kiingereza alipotusemesha Kiswahili, ghafla tukawa hatuna njia nyingine. Muhula uliofuata tulijiandikisha darasa la Kiswahili sote wawili, na ndiyo sababu mnatuona klabuni. Tulikuwa tunawaambia ni kwa ajili ya pointi za lugha.

Mwezi wa pili Dada alikuwa na zoezi la kueleza kitu anachokipenda mbele ya darasa. Alichagua injini. Hakujua jinsi ya kusema jina lake, akaiuliza kompyuta, nayo bila aibu ikampa "injini ya viharusi viwili". Akaisoma hivyo hivyo. Darasa lilicheka, mwalimu akamsahihisha kwa upole, mipigo, mwanangu, mipigo. Dada akakaa chini na hakuweza kuendelea.

Tulijadiliana kama tumwambie Baba. Jumamosi tulipokwenda nyumbani Mdogo akamwambia, kwa sababu Mdogo hajui kunyamaza. Baba alicheka hadi chai ikamwagika, kicheko chake kipya cha upande mmoja. "Basi mie," akasema polepole, "wa kiharusi kimoja. Hata injini hiyo yanizidi."

Kisha akauliza injini gani, na ya nini. Tukamwambia ugomvi wote.

Tulikuwa tunajua kwamba Baba alifanya kazi gereji ujanani, lakini kwa namna unavyojua kwamba babu yako alikuwa na ng'ombe. Hakuwahi kutusimulia. Akiulizwa, alisema hayo ni mambo ya njaa. Siku ile ndipo tuliposikia: Ngamiani, mtaa wa barabara zenye namba badala ya majina, kibanda cha mabati cha mjomba wake, yeye ana miaka kumi na minne. Vespa. Yamaha za mabwana shamba zilizokuja zimejaa vumbi la njia ya Handeni. Zote za mipigo miwili, zote zikinywa petroli iliyochanganywa na oili kwenye chupa ya soda, na moshi wa buluu ukikaa mtaani hadi magharibi. Alisimulia kwa shida, akisimama kutafuta neno, na mara nyingi neno lilikuwa lile ambalo nasi hatukuwa nalo. Alionyesha kwa vidole. "Ile ya... duara. Inabana." Tukabahatisha: "Mpira?" Akatikisa kichwa, amekasirika. Dada akafungua simu, akatafuta picha ya pistoni, akagusa. "Ringi!" akasema Baba, kwa sauti ya mtu aliyeokota pete yake.

Halafu akatuuliza swali ambalo katika miezi mitatu ya video na takwimu hatukuwa tumeulizana. "Nani ataifungua?"

Hatukumwelewa. Akarudia. Ikifika wakati wa kufunguliwa, na itafika, nani ataifungua? Ile ya kwanza iliharibika kwa sababu haikuwa na mtu wa kuifungua. Nyinyi mlikuwa wa kuipanda tu.

Tuliihesabu hivyo basi, kwa mara ya kwanza. Ya mipigo minne inataka upimaji wa nafasi za valvu kwa vibati vyembamba kuliko karatasi, kisha vidonge vidogo vya chuma vya kurekebishia, kisha cheni ya kamshafti irudi meno yake yale yale, maana ukikosea jino moja pistoni na valvu zinaweza kugongana. Tungeweza kujifunza, wapo wanaojifunza. Au tungempelekea fundi na kulipa. Ya mipigo miwili, juu ya krenki, ina kichwa, silinda, pistoni, ringi, pini. Huvaa mapema zaidi, hilo ni kweli, na hufunguliwa mara nyingi zaidi, lakini pistoni na vifaa vyake tuliviulizia vikawa chini ya dola 150. "Hiyo," Baba alisema, akafumba macho, "naiona."

Usiku ule tulipokuwa tunarudi chuoni Mdogo akasema jambo ambalo Dada hajalisahau. Alisema: "Tunanunua pikipiki, au tunamnunulia Baba kazi?" Lilikuwa swali la haki. Mdogo ndiye angebaki na chombo kisichomfaa, kwa kilo zake, na fedha zilikuwa nusu zake. Dada akamwambia ana roho mbaya. Tulifika chuoni bila neno. Wiki nzima tulikula meza tofauti.

Ni Mdogo aliyevunja ukimya, na hakuvunja kwa hisia, alivunja kwa hesabu. Aliandika kwenye karatasi gharama ya misimu miwili, ya kununua na ya kufungua, upande huu na upande ule, akaweka fundi upande mmoja na Baba upande wa pili, na upande wa Baba ulikuwa na tarakimu chache. Akampelekea Dada karatasi. Chini aliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwamba bado anaamini tukutuku ni bora. Tunayo karatasi hiyo.

Tulinunua Yamaha YZ125 mtumba mwezi wa tatu, kwa mtu wa mji jirani, dola 3,100. Muuzaji alisema injini imefunguliwa juzi tu. Tulimwambia Baba. "Juzi ya nani?" akauliza, na akakataa isiwashwe kabla hajaiona ndani.

Tuliifungua Jumamosi, mlango wa gereji umefungwa nusu kwa sababu theluji ilikuwa bado. Baba kwenye kiti cha plastiki, koti la Mama mabegani, tochi mkono wa kushoto. Tulitoa tangi, tukatoa eksozi na springi zake, tukamwaga maji ya rejeta, tukalegeza nati za kichwa kwa mtindo wa msalaba kama alivyotuonyesha kwa tochi. Tulijifunza siku ile maneno mengi kuliko muhula mzima: gasketi, beringi, klipu, oili sili, spana namba fulani. Mengine alikuwa nayo kabla hatujauliza. Mengine yalimkimbia, akanyamaza, nasi tukajifunza kungoja bila kumsaidia, maana kusaidiwa kunamkera.

Silinda ilipopanda, pistoni ikabaki imesimama peke yake juu ya fimbo yake. Upande wa eksozi ilikuwa na mikwaruzo mirefu ya wima. Tulipoiweka ringi peke yake ndani ya silinda na kupima mwanya wa ncha zake, ulikuwa umepita kiwango. Juzi ya nani, kweli.

"Tambara kwanza," akasema Baba.

Dada alikuwa tayari ameshika koleo, anataka kutoa klipu ya pini. "Tambara!" Tambara safi lizibe mdomo wa nyumba ya krenki, chini ya pistoni, kabla hujagusa chochote. Tukaziba.

Pistoni mpya ina mshale juu yake. Mshale unaangalia eksozi. Ncha za ringi zinakutana kwenye kijipini kidogo ndani ya mfereji wake, si pengine. Hayo tuliyafanya sisi. Lakini klipu ya mwisho Baba aliitaka. Hakusema, alinyoosha tu mkono wa kushoto. Mdogo akampa, akamshikia fimbo isicheze. Baba aliisukuma kwa kidole gumba mara moja, ikateleza. Mara ya pili ikaruka.

Wote watatu tulisikia ilivyogonga chuma, tii, na hatukuiona tena. Klipu hiyo ikiingia kwenye krenki, unapasua injini nzima kuitafuta. Dada alipiga magoti na tochi. Ilikuwa juu ya tambara, kwenye mkunjo, inang'aa.

Baba hakusema "si niliwaambia". Alitazama mkono wake kwa muda, kisha akampa Dada klipu. "Wewe." Dada akaiweka. Mara ya kwanza ilikataa, ya pili ikaingia, na Baba akaigusa kwa ncha ya kidole kuizungusha kama imekaa. Imekaa.

Ilipowashwa, Mdogo ndiye aliyepiga kiki, kwa miguu yake mizito. Ya tatu ikashika. Moshi wa buluu ukajaa gereji, Mama akafunga dirisha la jikoni kwa kishindo, nasi tukamtoa Baba nje na kiti chake. Alikuwa anatikisa kichwa kwa mlio ule, anaupima, akatuashiria tusipige resi bado, iache ipate joto.

Dada ameshiriki mbio tatu tangu hapo, mara moja akawa wa nne. Mdogo anaiendesha na kulalamika. Amekiri kwamba sasa anasikia gia ikikosea kabla haijakosea, na hapo hapo akaongeza kwamba akimaliza shahada atanunua 250 yake mwenyewe na ataifungua mwenyewe, Baba akipenda asipende. Baba anasema valvu hazimtishi, alete tu.

Tumefunga kijisaa kinachohesabu saa za injini. Baba ameamua kwamba tutaifungua tena kwenye saa ya 20. Kila Jumapili jioni anapiga simu, tunamwamkia, shikamoo Baba, anaitikia marahaba, na kabla hajauliza habari za masomo anauliza: "Mmefika ngapi?"

Kumi na saba, Baba.